Una ulemavu na unasoma chuo Dar? Ombi lako lipeleke kwa barua, ligongwe muhuri, kabla ya mtihani

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye daladala ya kwenda Mawasiliano nilikaa na binti mwenye ualbino. Alikuwa anasoma ratiba ya mitihani kwenye simu, kioo kinakaribia kugusa kope. Tukaanza kuongea. Yuko mwaka wa pili, na testi ya kwanza ameshaiharibu kwa sababu karatasi ilikuwa na herufi ndogo na kiti chake kiliwekwa kikitazama dirisha lenye jua. Nikamuuliza, umemwambia nani? Akasema, "Nilimwambia mhadhiri pale koridoni, akasema ataangalia." Nilishuka Sinza nikiwa na uchungu, maana jibu hilohilo nilipewa mimi, na lilinigharimu mwaka mzima.

Mimi nina uoni hafifu tangu kuzaliwa. Tatizo liko kwenye retina, kwa hiyo miwani hainisaidii kitu. Kidato cha sita sikuteseka na mitihani. Baraza la Mitihani linawapa watahiniwa kama mimi karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Nilipoingia chuo nilidhani taarifa zangu zimenifuata. Hazikunifuata. Mitihani ya chuo haisimamiwi na Baraza. Kila chuo kina kanuni zake, na hakuna mtu anayelibeba faili lako kutoka sekondari kulipeleka ofisi ya mitihani ya chuo.

Mwisho wa mwaka wa kwanza tukaingia UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ya takwimu. Karatasi ina jedwali la namba zenye desimali, mistari imebanana. Mimi nikisoma nainamisha uso hadi pua inagusa karatasi, na nikiandika ni hivyohivyo, ndiyo maana natoka kwenye mtihani na wino puani. Siku ile nilisoma 0.08 nikaiona 0.03, swali zima likaenda upande. Saa ya tatu ilipokaribia kwisha nilikuwa nimebakiza maswali mawili. Nikanyoosha mkono, nikaomba muda. Msimamizi akaangalia karatasi yake, akaniambia kwa upole kabisa, "Jina lako halipo kwenye orodha yangu."

Nilimchukia muda mrefu sana yule mama. Leo nakiri alikuwa sahihi. Msimamizi hana mamlaka ya kuongeza hata dakika moja bila jina kuwa kwenye orodha, na jina haliingii kwenye orodha bila barua. Mimi nilikuwa nimeongea na wahadhiri wanne, CR (kiongozi wa darasa) na katibu muhtasi wa idara. Barua sikuandika hata moja.

Nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio baada ya kufeli. Nikaingia kosa la pili: nikalipia kusahihishiwa upya. Alama zikarudi zilezile. Ni haki zirudi zilezile, kwa sababu nilichoandika kilisahihishwa vizuri. Tatizo langu halikuwa usahihishaji, lilikuwa mazingira ya kufanyia mtihani. Hapa watu wengi wanapotea, kwa hiyo naomba msome taratibu. Rufaa ya matokeo inauliza kama alama zilitolewa sawasawa. Malalamiko ya kunyimwa mazingira yanauliza kama mtihani wenyewe ulikuwa halali kwako. Ukipeleka la pili kwenye dirisha la la kwanza, utalipa hela na utajibiwa kwamba alama zako ziko sahihi.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa masijala, siku nimekwenda kuulizia kwa mara ya sijui ngapi. Akafungua faili langu mbele yangu. Ndani kulikuwa na fomu ya usajili na nakala ya cheti cha kuzaliwa, basi. Akaniambia, "Mwanangu, wewe hujawahi kulalamika hapa." Miezi minne ya kupanda ngazi, na chuo hakikuwa na habari yangu.

Nikaandika. Sikuandika "naomba msaada kwa kuwa mimi ni mlemavu", maana barua ya namna hiyo inasomwa kwa huruma kisha inawekwa pembeni. Niliandika kizuizi na dawa yake. Kwamba herufi ndogo sizioni, hivyo naomba karatasi ya mtihani ichapwe kwa pointi 18, herufi nzito, upande mmoja wa karatasi. Kwamba nasoma polepole, hivyo naomba dakika 10 kwa kila saa kama nilivyopewa kidato cha sita, yaani nusu saa kwa mtihani wa saa tatu, na 20 kwa kila saa kwenye takwimu. Kwamba mwanga wa mbele unanipofusha, hivyo naomba kiti kinacholipa dirisha mgongo. Kwamba slaidi nitumiwe kabla ya kipindi zikiwa faili la maandishi, siyo picha zilizopigwa kwa simu, kwa sababu programu ya kusomea skrini haiwezi kuisoma picha. (Kama huna programu hiyo, tafuta NVDA. Ni ya bure, hata kwenye flashi inakaa.)

Nikaambatanisha barua ya daktari wa macho na ile fomu ya kuthibitisha ulemavu ya Bodi ya Mikopo, iliyosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya. Wengi mnayo tayari kwa sababu mliijaza wakati wa kuomba mkopo, ila mmeisahau kwenye bahasha. Barua nikaiandika kwa Mshauri wa Wanafunzi, kupitia mkuu wa idara, nakala ofisi ya mitihani. Nikatoa kopi mbili. Moja wakabaki nayo, ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, nikaondoka nayo. Kopi hiyo ninayo hadi leo, muhuri wa bluu umekaa upande kidogo, tarehe inasomeka.

Ndani ya wiki tatu niliitwa. Karibuni kwa maswali, najua hapa kuna wenye hali tofauti na yangu.

Dada wa Chang'ombe

Ahsante sana kaka. Mdogo wangu ni kiziwi, yuko mwaka wa kwanza. Mkalimani yupo mmoja tu kwa wanafunzi kadhaa, na vipindi vinagongana. Siku ambayo mkalimani hayupo, dogo anakaa darasani saa mbili anaangalia midomo. Mhadhiri akigeukia ubao, hata midomo haioni. Tuandike nini?

Mleta uzi

Dada yangu, pole. Kwanza ambatanisheni ratiba yake ya vipindi, mkiweka alama ya kalamu kwenye kila kipindi alichokosa mkalimani, na tarehe. Ukisema "mara nyingi hakuna mkalimani" watakwambia wanalifanyia kazi. Ukionyesha vipindi vilivyokosa mkalimani kati ya vipindi vyote vya mwezi mmoja, mtu atalazimika kujibu hesabu hiyo.

Pili, ombeni vitu viwili tofauti. Kimoja ni ukalimani wenyewe. Nawaomba muwe wazi kwamba kwa kipindi kirefu wanahitajika wakalimani wawili wa kupokezana, kwa sababu mtu akitafsiri mfululizo anachoka mikono na kichwa, na baada ya muda anaanza kuruka sentensi. Mdogo wako hatajua zimerukwa. Kingine ni kile ambacho hakigharimu hela: mhadhiri aongee akiwatazama wanafunzi, atoe notsi mapema kwa mkalimani ili ajiandae na istilahi, na tangazo lolote la kubadilisha ukumbi liandikwe kwenye grupu badala ya kutangazwa kwa mdomo tu. Hicho cha pili kinaweza kuanza hata kesho wakati cha kwanza kinatafutiwa bajeti.

Na wasilianeni na CHAVITA, chama cha viziwi. Wanawafahamu wakalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania kuliko ofisi yoyote ya chuo.

Mwalimu wa chuo

Nimefundisha chuo kikuu miaka mingi, nichangie kwa nia njema. Mnatulaumu wahadhiri, lakini darasa langu lina wanafunzi zaidi ya 300. Mwanafunzi ananishika koridoni nikiwa natoka kipindi naelekea kingine, ananieleza tatizo lake, namwambia nitaangalia, na nikifika ofisini nakuta wengine kumi mlangoni. Sijamdharau. Nimesahau. Pia niseme ukweli: wapo wenzangu wanaoona muda wa ziada ni upendeleo kwa mmoja, na wanaogopa wengine watalalamika.

Mleta uzi

Shikamoo Mwalimu, na ahsante kwa ukweli huo. La kusahau nalikubali kabisa, ndiyo maana nasisitiza karatasi.

La upendeleo naomba nilijibu. Mtihani wa takwimu unapima kama najua takwimu. Haupimi kama naona herufi za pointi 10. Mwenzangu akitumia dakika 5 kusoma jedwali na mimi nikatumia 15, zile 10 nimezipoteza kwenye macho, na hakuna maksi hata moja inayotolewa kwa kuona. Ukinirudishia hizo 10 hujanipa jibu la swali.

Na sheria imeshalimaliza jambo hili, Mwalimu. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 kwa Tanzania Bara, inayokataza ubaguzi na kutambua haki ya elimu. Kabla yake, mwaka 2009, nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo inataja elimu ya juu moja kwa moja, na Ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni namna mojawapo ya ubaguzi. Mkataba hauombi yasiyowezekana, unasema marekebisho yasilete mzigo uliopita kiasi. Lakini kuchapa karatasi moja kwa herufi kubwa, hakuna chuo kinachoweza kusema huo ni mzigo.

Mwalimu wa chuo

Marahaba. Hoja ya dakika 10 nimeielewa, nitaipeleka kwa wenzangu wa idara kama ulivyoiandika. Nami niwape neno vijana: barua ikifika kabla ya mitihani kuchapwa tunaweza kufanya mengi. Ikifika asubuhi ya mtihani, hata mhadhiri mwenye moyo mzuri hana la kufanya.

Selimundu fighter

Kaka mimi ulemavu wangu hauonekani. Nina selimundu (sickle cell). Maumivu yakinishika siku ya mtihani watu wanadhani naigiza kwa sababu jana yake walinikuta kantini nacheka. Muhula uliopita nilijikaza nikafanya mtihani huku nimejikunja, nikafeli, kisha nikalalamika. Nikajibiwa "mbona uliingia mwenyewe?" Na sitaki darasa zima lijue ugonjwa wangu.

Mleta uzi

Mdogo wangu, pole sana. Hilo la kuingia mwenyewe ndilo gumu kuliko yote kulirudisha nyuma. Kanuni za vyuo vingi zinatoa nafasi ya kuahirisha mtihani kwa ugonjwa kabla hujaukaa. Ukishaukaa inahesabiwa umekubali kwamba ulikuwa na uwezo. Kwa hiyo siku maumivu yakianza: hospitali kwanza, ujumbe kwa idara siku ileile hata kama ni wa mstari mmoja kutoka kitandani, na barua ya daktari yenye tarehe na saa. Na sasa hivi, ukiwa mzima, andika barua ya kuwajulisha kwamba hali hii unayo na hujitokeza ghafla, ili siku hiyo isiwe mara ya kwanza kuisikia.

Kuhusu siri: taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye barua inayopita kwa wahadhiri andika mahitaji tu, mfano "naomba ruhusa ya kutoka, maji ya kunywa, na chumba chenye joto la kawaida kisicho na kiyoyozi kikali". Jina la ugonjwa libaki kwenye barua ya daktari ndani ya bahasha iliyofungwa, iandikwe SIRI, iende kwa Mshauri wa Wanafunzi peke yake.

Mdau wa Ubungo

Mkuu haya ni mazuri kwenye karatasi. Uhalisia ni kwamba ukimlalamikia mhadhiri umejimaliza. Atakukamata kwenye kozi nyingine. Nimeshuhudia.

Mleta uzi

Woga huo siudharau, nimelala nao. Nikwambie nilivyofanya. Barua yangu ya kwanza haikumtaja mtu yeyote, ilitaja kizuizi. Hilo ni ombi, na ombi halina adui. Malalamiko yanakuja pale ombi limepokelewa, muda umepita, na hukujibiwa au umekataliwa. Hata hapo usiandike "mhadhiri fulani ananionea". Andika "niliomba tarehe hii, kopi yenye muhuri nimeambatanisha, mtihani wa tarehe hii ulifanyika bila marekebisho hayo, naomba mtihani huo ubatilishwe nirudie kama mara ya kwanza."

Maneno hayo ya mwisho yashikeni. Vyuo vingi ukifanya sapu alama yako ya juu kabisa ni C, hata ukipata zote. Kurudia kama mara ya kwanza ni kitu kingine kabisa, na usipokitaja kwa jina hakuna atakayekupa.

Ngazi zenyewe ni idara, kisha amidi (mkuu) wa skuli au kitivo, kisha Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, na vikao vya Seneti vikibidi. Serikali ya wanafunzi ipewe nakala. Muwe macho na siku, kila chuo kina idadi yake ya siku za kukata rufaa tangu matokeo yatoke, na ukizipitisha hoja yako haisomwi hata kama ni ya kweli.

Ukimaliza ngazi za ndani, nje kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hulipi chochote, barua unaandika kwa Kiswahili, na huhitaji wakili. Watakuuliza ulianzia wapi, hapo ndipo zile kopi zako zinafanya kazi. Usiwahi mahakamani kwanza, kwa sababu shauri likiwa mahakamani Tume hailigusi. Ukihitaji mtu wa sheria, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa msaada bila malipo, na SHIVYAWATA, lile shirikisho la vyama vyetu, wanaweza kusimama na wewe ukiona umebaki peke yako.

Mimi sikufika nje. Walinikubalia ndani, isipokuwa hilo la kurudia kama mara ya kwanza, kwa sababu wakati wa ule mtihani sikuwa nimeomba chochote kwa maandishi. Ile C ya takwimu iko kwenye transkripti yangu mpaka leo.

Na mtihani uliofuata nao ulikuwa na kasoro: walichukua karatasi ya kawaida wakaikuza kwa mashine ya fotokopi kwenye A3. Herufi zilikua kweli, lakini kingo zikawa na ukungu, na karatasi ikazidi meza hadi ikawa inaninginia. Nikaandika tena, safari hii mistari minne: ichapwe kutoka kwenye faili la kompyuta, isikuzwe kwa fotokopi. Muhula uliofuata nikakuta karatasi safi ya A4, pointi 18, ndani ya bahasha yenye namba yangu ya usajili. Msimamizi alikuwa mama yuleyule wa siku ile. Akaangalia orodha yake, akaniambia, "Wewe mwisho wako ni saa sita na nusu."

Mzazi wa Mbagala

Wanangu, nimesoma wote. Kijana wangu anatumia kiti mwendo. Kipindi chake kimoja kiko ghorofa ya tatu na lifti imekufa tangu muhula uanze. Wenzake wanambeba. Ni vijana wazuri, Mungu awabariki, lakini juzi waliteleza naye kwenye ngazi akaumia kiwiko. Yeye hataki tulalamike, anasema wataniona msumbufu. Mimi ni fundi cherehani, barua za ofisini sijazizoea.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa kijana, na kiwiko hicho kapigeni picha leo.

Msiombe lifti itengenezwe peke yake. Lifti inahitaji fundi, vipuri na bajeti, mnaweza kungoja mwaka. Ombeni kipindi kihamishiwe ukumbi wa chini kuanzia wiki ijayo, na lifti itengenezwe. La kwanza ni la mtu wa ratiba kukaa kwenye kompyuta nusu saa. Andikeni pia kwamba kubebwa siyo njia, kwa sababu ameshaumia, na mtaje tarehe.

Barua asaini yeye mwenyewe, ni mtu mzima na ni haki yake. Mwambie nimesema hivi: wale wenzake wanaombeba nao wanachelewa kipindi, na siku mmoja atavunjika mgongo. Anawasemea na wao. Nitumieni rasimu kwa ujumbe wa faragha, naisoma usiku huuhuu.

Dada wa Chang'ombe

Mzee, mimi niko karibu na Mbagala, nikichapa ya mdogo wangu nitachapa na ya kwenu. Msihangaike na steshenari.

Mzazi wa Mbagala

Wanangu, nimerudi baada ya siku tano. Kijana aliandika, dada wa Chang'ombe akaichapa, huyu kijana mwenye uzi akaondoa maneno ya kuomba huruma, alikuta mengi. Leo asubuhi nimemsindikiza. Masijala nayo iko juu ya ngazi sita, kwa hiyo yeye amebaki chini mimi nikapanda na zile kopi mbili. Karani kasoma, kauliza mwenyewe yuko wapi, nikamwonyesha dirishani. Kachukua muhuri, akashuka nao mpaka chini, akaugonga mbele yake kwenye mapaja ya kijana. Bado hawajajibu. Kopi nimeiweka pamoja na hati ya kiwanja.